Kopo la Bibi Ravao

Kila Alhamisi Saholy alikwenda sokoni Ambatomena saa tisa na nusu alasiri, wakati wauza mboga wameanza kutazama mawingu na kuifikiria njia ya kurudi kwao. Saa hiyo mboga za majani zimeshalegea, na bei nazo zimelegea. Alinunua nyanya zilizopasuka, kwa kuwa nyanya hata uinunue nzima itaishia kupasuka chunguni. Kitunguu alichukua kimoja kikubwa badala ya viwili vidogo, ili asilipie maganda mara mbili. Mafuta ya kupikia aliyanunua kwa kijiko, yamefungwa kwenye kifuko cha nailoni. Na nyumbani, wali ukishapakuliwa, alimimina maji juu ya ukoko akayachemsha, yakawa ndiyo kinywaji, kama wanavyofanya watu wote wa nyanda za juu. Tofauti ni kwamba ukoko wa kwake ulichemshwa mara mbili.

Kote huko aliweza. Kilichomshinda ni mchele.

Mchele Ambatomena hupimwa kwa kapoaka, yaani kopo tupu la maziwa mazito, na hakuna mtu anayejua kupika kwa kipimo kingine. Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba huongeza kopo moja kabla hajauliza nani. Saholy alinunua makopo ishirini na moja kwa wiki, matatu kwa siku, ya kuliwa na yeye, mumewe Naivo, na binti yao Mialy mwenye miaka kumi. Akifika nyumbani aliyapima tena kwa kopo lake mwenyewe, na kila wiki yalitoka kumi na manane. Kwa hiyo Jumatano nyumba ile haikuwa na mchele. Jumatano walikula muhogo.

Saholy alikuwa mdadisi tangu utotoni. Aliwahi kupigwa kwa kuifungua redio ya baba yake ili aone mtangazaji anakaa wapi. Makopo matatu hayawezi kuyeyuka, alijiambia, lazima yapo mahali. Alhamisi moja alichuchumaa mbele ya magunia ya Haja, muuza mchele mkubwa wa pale, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akatazama kopo lake kwa chini. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani ya kopo, kikavimba humo kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Akaenda kwa muuzaji wa pili na wa tatu. Makopo yote yalikuwa vilevile. Alipowauliza wenzake, akakuta kila mtu anajua. Mnunuzi husema ongeza kidogo, muuzaji hudondosha kiganja cha mchele juu, wote wawili hucheka, biashara inakwisha kwa amani. Saholy alizunguka nyuma ya soko akaona ghala la Haja limeongezwa chumba. Udadisi wake ulitulia, lakini Jumatano ilibaki Jumatano.

Naivo alikuwa mfyatua matofali, mtu mpole asiyependa kurudia maneno. Alikuwa ameshasema mara moja: mchele usipofika hadi mavuno ya Aprili, Mialy atakwenda Antananarivo na Fara, binamu yake Naivo. Fara alikuwa akiwatafutia wasichana kazi za ndani. Alikwisha kuja kumwona mtoto, akaigeuzageuza mikono yake, akasema itafaa.

Mwezi wa nane, wakati wa baridi, ukoo wa Naivo uliwatoa wazee kaburini ili kuwabadilisha sanda, kama inavyopasa kila baada ya miaka saba. Walichinjwa nguruwe wawili, bendi ikaja na tarumbeta zake, na watu mia tatu wakala wali hadi wakasaza. Akiba ya mwaka mzima ilikwenda siku hiyo, na hakuna aliyenung'unika, maana huwezi kumwacha mama yako alale na sanda iliyochanika. Naivo ndiye aliyenunua hariri ya mama yake, Bibi Ravao, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Wanawake walikaa chini wakawapakata wafu wao, na kila mmoja akamwinamia wake kumnong'oneza shida yake. Mmoja aliomba mtoto wa kiume. Mwingine aliomba karatasi za kwenda Ufaransa. Saholy alimpakata mama mkwe wake, akamwambia, "Mama, mchele hautafika mavunoni. Mialy watamchukua."

Kisha wafu walizungushwa kaburi kwa ngoma, wakarudishwa ndani, mlango wa jiwe ukafungwa.

Alhamisi iliyofuata, Saholy alikuwa akipepea moto wakati Bibi Ravao alipoingia jikoni na sanda yake mpya ya hariri, kikapu mkononi, akauliza mbona moto unatoa moshi hivyo. Alikuwa amejaa vumbi kidogo mabegani. Saholy alimpangusa, akampa kigoda.

"Mama, umekuja kwa muda gani?" Naivo aliuliza aliporudi.

"Mpaka ununuzi utakapokaa sawa," alisema Bibi Ravao. "Umekonda wewe. Na huyu mkeo ananunua nini huko sokoni, hewa?"

"Ananunua vizuri tu, mama."

"Tutaona."

Walimpa kona ya kaskazini mashariki, ambayo ndani ya nyumba ni ya wazee waliotangulia, kwa hiyo haikubidi kuhamisha kitu. Hakula. Chakula kikiiva alisogea, akavuta mvuke wa wali puani mara mbili, akasema ameshiba. Saholy aliona kwamba kwa upande wa matumizi hajawahi kupata mgeni mwenye nafuu kama huyu.

Mialy alimkalia karibu na kumuuliza maswali mfululizo, maana udadisi aliurithi kwa mama yake.

"Bibi, huko kuna soko?"

"Hakuna. Ndiyo maana siku haziishi."

"Kuna baridi?"

"Ipo. Halafu babu yako mdogo anakoroma."

"Amekufa halafu anakoroma?"

"Mtu hubadilika mangapi, mjukuu wangu?"

Alhamisi hiyohiyo Bibi Ravao, Saholy na Mialy wakaenda sokoni. Watu walimpisha Bibi Ravao njia, wakasema samahani bibi, pita, kama adabu inavyotaka. Aliokota karoti, akaikunja, ikakunjika. "Karoti hii imezikwa kabla yangu," akasema. Muuzaji alicheka mpaka akapunguza bei. Alimfundisha Saholy kununua vichwa vya samaki wakavu badala ya samaki, na kupita upande wa pili wa soko ambako wakulima wenyewe hukaa chini bila meza, kwa sababu meza nayo hulipiwa na mnunuzi. Saholy alidhani anajua kubana matumizi. Siku hiyo alijiona mwanafunzi.

Kwa Haja walifika mwisho.

"Karibu, bibi," alisema Haja, akavua kofia.

"Nimekaribia. Nipimie ishirini na moja."

Haja alinyoosha mkono kuchukua kopo lake. Bibi Ravao akachomoa jingine kutoka kwenye mikunjo ya sanda. Lilikuwa na kutu kidogo ukingoni, na kitako chake kilikuwa bapa kabisa. Naivo alilizika pamoja naye miaka tisa nyuma, kwa sababu mama mwenyewe aliliomba.

"Pimia hili."

"Bibi, hapa dukani tuna kopo letu."

"Nimeliona. Nimeliona na kitambi chake. Pima, mwanangu, jua linanichoma mifupa."

Ni mwiko kumkatalia mtu aliyetoka kaburini, na Haja alikuwa mtu wa mila, kanisani yumo na makaburini yumo. Alipima ishirini na moja, jasho likimtoka mwezi wa baridi. Nyumbani Saholy aliyapima tena, yakatoka ishirini na moja. Akayarudia kwa raha tu. Jumatano ilipofika walikula wali, na Mialy alilamba mwiko hadi ukakauka. Saholy alifurahi sana siku ile. Alitoka uani akasimama peke yake, akicheka na kujifuta macho, akihesabu kwa vidole miezi iliyobaki hadi Aprili. Ilihesabika.

Habari zilienea. Kufikia mwezi wa tisa wanawake walipanga foleni nyuma ya Bibi Ravao tangu asubuhi, wakimwomba awaazime kopo, naye hakumnyima mtu. Aliketi kando ya gunia na sanda yake akiangalia kila kopo linavyojazwa, na Haja akipima kwa haraka alimwambia, "Taratibu, mchele hauna pa kukimbilia." Haja hakugomba wala hakumtukana mtu. Jioni alikaa ghalani katika kile chumba kipya akifikiri. Mwisho wa mwezi, kabla msimu wa kufungua makaburi haujakwisha, alitangaza kwamba baba yake amemlalamikia ndotoni kuhusu baridi. Akachinja nguruwe wanne, akaita bendi mbili.

Alhamisi iliyofuata Mzee Ratsimba, babake Haja, aliyeanzisha biashara ile na kufariki mwaka wa kimbunga kikubwa, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha zamani mbele ya magunia, sanda mpya na kofia ya ukindu. Wanawake walifurahi. Walimkumbuka kuwa mtu wa kusali mara mbili kila Jumapili. "Sasa Haja atakoma," walisema. "Baba yake hakuwa mtu wa hivi."

Mzee Ratsimba aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Kisha akaingiza mkono kwenye sanda akatoa kopo lake mwenyewe. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani.

Bibi Ravao aliinama akalitazama kitako. "Ndilo hilohilo," alisema. "Limenipimia miaka thelathini."

"Na hilo lako umelitoa wapi, Ravao?" aliuliza Mzee Ratsimba.

"Nililinunua na maziwa yake ndani, nilipojifungua huyu Naivo na matiti yakakauka. Sijawahi kumuuzia mtu kitu kwalo. Nani angeligonga?"

"Basi unaona. Hukuwa na biashara."

"Ratsimba, hata kufa umeshindwa kufa vizuri."

"Biashara ni biashara, dada yangu. Ghala la mwanangu ungelijenga wewe?"

Waliitana kwa mwenyekiti wa mtaa, bwana mmoja mtaratibu aliyeitwa Solofo, ambaye maisha yake yote alitaka tu watu wasipige kelele ofisini kwake. Aliyaweka makopo mawili mezani. Alimimina mchele kutoka la Bibi Ravao kwenda la Mzee Ratsimba, ukamwagika, akauzoa na kuurudisha. Kila aliyekuwepo aliona. Mwenyekiti alifikiri kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, halafu akatoa uamuzi. Kitu kilichotoka kaburini mkononi mwa mzee wetu, alisema, hakiwezi kuitwa cha uongo, huo ungekuwa ni kumwita mzee mwongo, na mwaka huo mvua isingenyesha. Hapa vimetoka viwili. Kwa hiyo kapoaka ni mbili, na zote ni za kweli.

Hakuna aliyeweza kupinga. Hata Bibi Ravao alichukua kopo lake akalirudisha kwenye sanda, kwa sababu naye ulinzi wake ulikuwa ni mwiko uleule.

Haja aliandika kwenye ubao kwa chaki: kopo la bibi, kopo la babu, na bei mbili. Kopo la bibi alilipandisha kwa robo, ijapokuwa mchele uliozidi ndani yake haukufika robo. Mwalimu na mganga wa zahanati walinunua kopo la bibi, wakasema ni vizuri mtu kuwa na uhuru wa kuchagua. Saholy alichuchumaa mbele ya ubao ule akipanga punje za mchele kwenye kiganja, akajaribu hesabu kwa njia hii na kwa njia ile, muda mrefu, kwa sababu alitaka kuelewa kabla hajakasirika. Alipoelewa alikasirika kweli. Kisha akanunua kopo la babu, kwa maana la bibi fedha yake haikulifikia.

Bibi Ravao hakurudi kaburini. Kila Alhamisi aliendelea kwenda sokoni na kikapu, akatukana karoti, akamsalimu Mzee Ratsimba kwa nusu mdomo. Makaburi mengine nayo yalikuwa yamelegea mwaka ule, na kufikia Krismasi soko lilikuwa na wazee sita au saba wa hariri wakizurura kati ya meza, wakishangaa bei, wakiingia njia ya watu wenye haraka. Baraza la mji liliwawekea benchi.

Mvua zilianza. Mashamba yakawa kijani, na hapo ndipo mchele huwa ghali kuliko wakati wowote, maana macho yanauona na mdomo haujaufikia. Haja alibadili bei kwenye ubao kila wiki, ya bibi na ya babu kwa haki sawa. Saholy alichemsha ukoko mara tatu. Alianza kula Mialy na Naivo wakishamaliza, kisha akawa anasema ameshiba mvuke, kama mama mkwe wake, na Bibi Ravao alimtazama bila kucheka. Jumatano ya muhogo ilimeza Jumanne, ikameza na Jumatatu. Katikati ya Februari mfuko wa mchele ukaonyesha kitako chake, na mavuno yalikuwa mbali bado wiki saba.

Fara alikuja Jumapili baada ya ibada na viatu vyake vya kung'aa. Alisema kuna familia nzuri ya Isotry, mtaa wa Antananarivo, mama ni muuguzi, nyumba ina bomba la maji ndani. Naivo alitazama sakafu.

"Atakula mara tatu kwa siku," Fara alisema. "Hapa anakula mara ngapi?"

Mialy alikuwa uani akichambua mboga, na dirisha lilikuwa wazi.

Bibi Ravao alizungumza kutoka kwenye kona yake. "Mimi nilipeleka wawili."

Naivo aliinua kichwa. "Wawili gani, mama?"

"Nilizaa saba, mkakua watano. Watu husema, Ravao alijua kununua, aliwalisha saba kwa kipato cha kibarua. Sikuwalisha saba. Miaka ile nilimpeleka Vololona na mdogo wake mjini."

"Ulisema Vololona alikufa kwa homa."

"Ndivyo nilivyoandikiwa. Mdogo wake hata barua sikuandikiwa. Kaburini kwetu nimewatafuta wote wawili, miaka tisa, tumelala mistari miwili na kila mtu namjua. Hawamo."

Fara alisafisha koo akasema siku hizi kuna simu.

Saholy aliumia. Aliumia kifuani kama mtu aliyebeba tofali moja zaidi ya nguvu zake, na akasema hivyo kwa sauti, mbele ya mgeni: "Ninaumia." Naivo alisema hata yeye. Walikaa wanne wakiumia, na baadaye Saholy akasimama akaenda kumfulia Mialy gauni la safari, kwa sababu lilitaka siku mbili kukauka wakati wa mvua.

Alhamisi walimsindikiza hadi stendi. Bibi Ravao alikuja na kikapu chake na kopo lake ndani, akasema anakwenda na mjukuu wake. "Huko nako watampimia mtoto chakula," alisema. "Nataka nione wanapimia nini." Kisha akaongeza kwamba mjini kuna watu wawili anawatafuta, na miguu yake sasa haichoki.

Kondakta alitaka kujua kama bibi ni abiria au ni maiti, kwa kuwa nauli ni tofauti na maiti hupanda juu.

"Ni bibi yangu," alisema Mialy.

"Basi akupakate, mlipe kiti kimoja."

Walilipa kiti kimoja. Mialy alikaa mapajani pa Bibi Ravao, akauliza kama gari litapita darajani na kama mto umejaa. Mama yake alimwambia ndiyo, umejaa, angalia upande wa kushoto utauona vizuri. Gari liliondoka. Saholy alisimama mpaka moshi wa gari ukaisha, halafu, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na saa tisa na nusu haijapita sana, akaenda sokoni. Mzee Ratsimba alimpimia makopo kumi na manne, akamdondoshea kiganja juu, akamsalimia kwa jina la mama yake.

Simu kutoka Isotry ilikuja mara mbili. Ya kwanza Mialy alisema bomba la maji lipo kweli, na kwamba bibi anakaa jikoni na mwenye nyumba hamwoni, au anamwona na hasemi. Ya pili ilikatika.

Aprili mpunga ulivunwa. Siku walipoleta nyumbani gunia la kwanza la mpunga mpya, mfuko wa mchele wa zamani ulikuwa bado haujaisha. Saholy aliupima, yakatoka makopo tisa, kwa kopo la babu. Haijawahi kutokea katika nyumba ile, wala katika nyumba yoyote ya upande ule wa mji. Majirani watatu walikuja na vigoda vyao wakakaa kumzunguka, wakautazama ule mchele uliobaki.

"Mwenzetu, ulifanyaje?" aliuliza mmoja. "Maana sisi tulimaliza tangu Februari."

"Tulipunguza mtu mmoja," alisema Saholy.

"Nani?"

"Yule aliyekuwa anakula kidogo kuliko wote."

Wanawake wakatikisa vichwa, wakafikiri. Wawili kati yao waliomba namba ya simu ya Fara, naye akawapa.